Mwili wa Shangazi Febronia

Kwa watu wa Kanazi wa wakati ule, mke mnene alikuwa sifa ya mumewe, na shangazi yangu Febronia alikuwa sifa kubwa. Akipita njiani na kanga zake mbili, wanaume waliokuwa barazani walimgeukia mumewe na kumwambia, "Pancras, kwako watu wanakula!" Na Pancras, ambaye mwenyewe alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa na ng'ombe wengi, wala nyumba ya bati. Alikuwa na Febronia.

Mimi ni Marsiana. Febronia alikuwa dada wa baba yangu, na nilipoolewa Kanazi nyumba yangu ikawa jirani na yake, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuhadithiwa.

Mwaka sabini na nne tulihamishwa kutoka mlimani, tukapangwa kando ya barabara kuwa kijiji cha ujamaa. Tukapata duka la ushirika, shamba la kijiji na kilabu cha pombe. Mwenyekiti wetu, Mzee Faustini, alimpa shangazi usimamizi wa kilabu, maana hakuna aliyemshinda kutengeneza urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Ilikuwa heshima kubwa, lakini ilikuwa heshima ya kukaa. Zamani alipanda mlima kila asubuhi kwenda kwenye migomba yake. Sasa alikaa kwenye kiti chenye mgongo tangu jua likiwa changa hadi linapotua, akionja kila mtungi, akila nyama ya mbuzi ya kuchoma, na kando yake kibuyu cha chumvi ya Uvinza. "Nyama bila chumvi ni kuni," alikuwa akisema, na watu wanacheka.

Kichwa kilikuwa kinamuuma. Alikifunga kitambaa, akakikaza. Akipanda hata kilima kidogo, moyo ulimdunda hadi akalazimika kushika mti.

"Shangazi, nenda zahanati," nilimwambia.

"Ni utu uzima tu, Marsiana. Na wewe utaufikia."

Si kwamba hatukujali afya. Redio ilikuwa imetufundisha, katika ile kampeni ya Mtu ni Afya. Tulikaa kwa vikundi tukaisikiliza, tukachimba vyoo, tukafyeka majani kuzunguka nyumba, tukachemsha maji ya kunywa. Kijiji chetu kilisifiwa kwa vyoo vyake. Lakini mafunzo yale yalikuwa ya mbu na ya kuhara, na ugonjwa ulioinyemelea familia yetu haukuletwa na mbu.

Siku moja tukaletewa habari kwamba shangazi yangu mwingine, Zita, dada mkubwa wa Febronia, ameanguka shambani. Zita alikuwa ameolewa Nyamahanga, upande wa Biharamulo. Tulipata nafasi kwenye lori la ushirika, mimi na shangazi Febronia, tukafika tumejaa vumbi hadi kwenye kope.

Zita alikuwa amelazwa kwenye mkeka. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande, na mkono wa kulia ulikuwa umelala ubavuni kama si wake. Alitutazama, akatufahamu, lakini jina la mdogo wake likashindwa kutoka. Yakatoka mate.

Mumewe, Leonidas, alikuwa tayari amemjua mchawi. "Ni Ndayisaba," alituambia. "Tuligombana naye juu ya mpaka wa shamba. Nimeshamwita mganga."

Asubuhi shangazi Febronia alichukua bakuli la uji akamlisha dada yake. Uji uliingia upande mmoja wa mdomo ukatokea upande mwingine. Alimfuta, akajaribu tena, akamfuta. Uji ulipoisha alitoka nje, akaenda nyuma ya jiko, nikamsikia analia. Aliporudi alikuwa ameshanawa uso.

"Marsiana," aliniambia, "mimi sitalishwa uji."

Tulimpeleka Zita kwenye zahanati ya masista kwa machela. Muuguzi alikuwa Sista Secilia, mwanamke wa makamo mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alimpima Zita, akauliza, "Baba yenu aliondokaje?"

"Alianguka," shangazi alisema. "Alikuwa akitengeneza ua, akaanguka, hakusema tena mpaka akafa. Watu walimshika mzee mmoja wakasema ndiye amemroga. Alihama na watoto wake, na mvua ilikuwa inanyesha."

"Na huyu naye ameanguka," Sista alisema. "Lete mkono wako."

"Mimi si mgonjwa, Sista."

"Lete mkono."

Alimfunga kile kitambaa cha kupimia, akajaza upepo, akasikiliza. Akatoa upepo, akajaza tena. Akaandika kwenye kadi.

"Sista, umeona nini?"

"Presha yako imepita ya dada yako."

Shangazi alimtazama Zita pale kwenye kitanda, kisha akautazama mkono wake mwenyewe. "Nimerogwa na mimi?"

"Hujarogwa, na dada yako hajarogwa. Damu yako inasukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi, kama maji mengi kwenye mfereji mwembamba. Siku moja ukingo unavunjika. Kwa huyu umevunjikia kichwani."

"Dawa ipo?"

"Ipo. Nitakupa vidonge, na utavimeza hata siku unazojisikia mzima. Lakini vidonge peke yake ni kama kufukuza nyani shambani huku unawatupia mahindi. Unakula chumvi?"

Nilijibu mimi. Nilisema ya kibuyu, nilisema ya nyama na ya kuonja mitungi. Sista Secilia alinisikiliza hadi mwisho.

"Basi chumvi, ipunguze mpaka uisahau. Pombe, iache. Mwili, upunguze. Kila siku tembea, lima, panda mlima. Anza polepole, usijiue kwa haraka ya kupona."

"Sista, mimi ndiye msimamizi wa kilabu."

"Basi msimamizi amepata kazi nyingine."

Kabla hatujaondoka, shangazi alimwita Leonidas kando ya nyumba. "Shemeji," alimwambia, "baba yetu alipoanguka, mtu asiye na kosa alifukuzwa. Mimi niliona watoto wake wanapita na mikeka kichwani. Usifanye hivyo kwa Ndayisaba." Leonidas aliinama akachora chini kwa fimbo yake. Mganga hakuja, na Ndayisaba hakuguswa. Na nisiwaache mkimfikiria Zita: baada ya miezi mingi aliweza kutembea kwa mkongojo, na maneno machache yakamrudia, la kwanza likiwa jina la mdogo wake.

Nyumbani Kanazi, vita ya kwanza ilikuwa ya mboga. Shangazi alipika maharage na sombe, yaani kisamvu, akatia ndimu, vitunguu na karanga, akaweka chumvi kidogo mno, kiasi cha kushikwa na ncha za vidole. Mama mkwe wake, Nyirabahizi, aliyekuwa akiishi nao, alionja, akaweka kijiko chini.

"Mboga hii mbona imenyamaza?"

"Chumvi ile pale kwenye kisahani, Mama. Anayetaka aongeze. Mimi nimekatazwa."

"Umekatazwa na nani kumpikia mwanangu?"

"Sijakatazwa kumpikia. Nimekatazwa kufa."

Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti. Mzee Faustini alidhani anatania. "Mama Audax, unataka kuacha kiti ushike jembe? Watu wananiomba kinyume chake!"

"Kiti kinaniua, Ndugu Mwenyekiti. Niweke shamba la kijiji pamoja na wanawake wengine. Kilabu mpe Justina, anajua kazi."

Akaanza kutembea. Asubuhi, kabla ya kazi ya kijiji, alipanda mlimani kwenye migomba yake ya zamani, nami nikimsindikiza. Siku za mwanzo zilikuwa za kutia huruma. Alitembea kidogo, akakaa kwenye jiwe, akashika kifua, akainuka, akakaa kwenye jiwe jingine. Jasho lilimtiririka hadi kanga ikamganda. Watu walioteka maji walimpita na kumpa pole kama wanampa pole mfiwa. Lakini hakukosa. Masika yalipokwisha alikuwa anafika juu bila kukaa, na kiangazi kilipoingia mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia, "Shangazi, nisubiri."

Mwili ukaanza kuondoka. Uliondoka usoni kwanza, ukaondoka mikononi, na kanga iliyokuwa ikimzunguka kwa shida ikawa inamzunguka na kubaki. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema ana kifua kikuu. Wengine walisema Pancras anamnyima chakula. Barazani hapakuwa na wa kumsifu tena, na siku moja mtu mmoja alimwuliza Pancras mbele ya wenzake kama nyumbani kwake kuna njaa.

Pancras alirudi amekasirika, akamkuta mkewe anachambua maharage, nami nikiwa hapo.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema. "Nilikuoa mwanamke kamili. Sasa nakaa na nusu yake."

Shangazi aliendelea kuchambua. "Baba Audax, ulimwona dada yangu?"

"Nilisikia."

"Kusikia si kuona. Nilimlisha uji kwa mkono wangu. Ukipenda, nitakula mpaka niwe vile nilivyokuwa, halafu wewe utanilisha. Utaweza?"

Pancras akachukua kiko chake akatoka nje.

Sitaki mdhani shangazi alikuwa chuma. Kwenye arusi ya Ildefonsa, binti wa jirani, waliimba, wakamvuta katikati, wakampa kibuyu. Alikunywa. Akaletewa nyama yenye chumvi inayoonekana kwa macho, akala, akaletewa tena. Alicheza siku ile kama zamani. Kesho yake kichwa kilimuuma kama kinapasuka, na alipopimwa kwenye zahanati yetu presha ilikuwa imepanda. Alirudi ameinamisha uso. "Sikumdanganya Sista," alisema. "Nilijidanganya mwenyewe." Akalala kidogo, na jioni nikamwona anapanda mlima peke yake. Kwenye arusi zilizofuata alicheza kuliko wote, na alikunywa togwa.

Kisha ikaja vita. Mwishoni mwa mwaka sabini na nane redio ilitangaza kwamba majeshi ya Amin yamevuka na kuingia ardhi yetu, kaskazini huko ng'ambo ya mto Kagera. Watu wa mkoa wetu walikuwa wakikimbia na watoto mgongoni. Vijana wa mgambo waliitwa, na Audax, mtoto wa shangazi, akaondoka nao. Pancras alimshika mkono muda mrefu. Shangazi alimfungia karanga za kukaanga kwenye kitambaa.

Kila kijiji kilitoa chakula kwa ajili ya askari. Sisi tulitoa maharage na unga wa mahindi kutoka shamba la kijiji, magunia yakajaa ghalani. Lori la kuyachukua likaja siku ya mvua. Tuliliona ng'ambo ya bonde, juu ya kilima cha pili, limesimama. Mvua ilikuwa imechukua daraja.

Dereva, askari kijana, alivuka kijito juu ya magogo akaja kwetu amelowa hadi shingoni. "Wazee wangu, siwezi kusubiri daraja. Nikichelewa, wenzangu wanaondoka Biharamulo bila mimi."

Mzee Faustini aliyatazama magunia, akatutazama sisi. Wanaume wenye nguvu walikuwa wamekwenda vitani. Palikuwa na wazee, wanawake na utelezi. "Labda tusubiri mvua ipungue," alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba haamini anachosema.

Shangazi Febronia alikunja kanga moja akafanya kata, akaiweka kichwani.

"Gawanyeni magunia," alisema. "Debe moja kwa kila mtu, au kikapu. Marsiana, nitwike."

Nilimtwika. Aliteremka bondeni akikanyaga kwa visigino, akavuka magogo mkono mmoja ukiwa umeshika debe, akaanza kupanda kilima cha pili. Hakusimama. Tulisimama sisi, tukimtazama, mpaka Justina wa kilabu aliposema, "Tunamwachia mama mzima kazi hii?" Ndipo wanawake wote wakakunja kanga.

Tulikuwa msururu kutoka ghalani hadi kwenye lori, tukipanda na kushuka, matope hadi magotini. Wanaume waliobaki nao walibeba. Pancras alibeba. Katikati ya kilima nilimkuta ameketi pembeni, debe chini, kinywa wazi, mkono kifuani. Shangazi alikuwa akishuka mikono mitupu kwenda kuchukua mzigo mwingine. Alisimama mbele yake.

"Pumzika, Baba Audax. Usione haya."

"Nimeteleza tu."

"Najua. Pumzika."

Akachukua debe lile, akajitwika mwenyewe, akageuka akapanda tena kilima kilekile alichotoka kukishuka. Watu wote waliona. Na mimi nilimwona Pancras akimtazama mgongoni mpaka akafika juu, na sikuona aibu usoni mwake. Niliona kitu kingine, ambacho sikuwa nimekiona hata enzi zile za kusifiwa barazani.

Mzigo wa mwisho ulipopakiwa, askari alimwendea shangazi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, una miaka mingapi?"

"Miaka yangu iache. Mwanangu yuko huko unakokwenda. Anaitwa Audax. Ukimkuta ana njaa, mwambie maharage haya yamepanda mlima kichwani kwa mama yake."

Yule kijana alimpigia saluti, pale kwenye matope, kama anavyopigiwa ofisa. Nasi wanawake tukapiga vigelegele mpaka mabonde yakaitikia.

Tuliporudi, Nyirabahizi alikuwa amesimama mlangoni kwa fimbo yake. Habari zilikuwa zimetutangulia. Aliwaambia wanawake wote waliopita, mmoja mmoja, hata wale waliokuwa kwenye msururu wenyewe, "Mmemwona mke wa mwanangu? Mmemwona?" Na siku ile mboga aliila bila kugusa kisahani cha chumvi.

Asubuhi iliyofuata Pancras alisema, "Mama Audax, nipeleke na mimi nikapimwe." Alipimwa, na presha yake ilikuwa juu. Alishangaa kweli. "Mimi? Mimi mwembamba hivi?" Muuguzi akamweleza kwamba ugonjwa huo hautazami tumbo tu, unatazama pia chumvi, tumbaku, pombe, na ukoo. Alirudi nyumbani akamkabidhi mkewe kiko. Kwa majuma kadhaa alikuwa mkali kama mbwa aliyefungwa, lakini hakukidai.

Vita iliisha, na dhiki ikabaki. Sabuni ilikuwa adimu, sukari haikuonekana, chumvi ilipangiwa foleni. Nyumba nyingi zililalamika kwamba chakula hakiliki. Basi wanawake wakawa wanakuja kwa shangazi kuuliza anavyopika. Aliwaonyesha ndimu, nyanya chungu, majani ya maboga yaliyotiwa karanga, uji usio na sukari uliochanganywa na ndizi mbivu. Wengine walikuja kwa ajili ya mboga wakabaki kwa ajili ya mlima. Asubuhi ungesikia sauti zao wakipanda, wanacheka, wanasengenya, Mzee Faustini nyuma yao akijifanya anakagua mipaka ya kijiji.

Audax alirudi mwaka sabini na tisa, amekonda, na kovu begani. Mama yake alimkuta akitoka barabara kuu, akamvua mkoba begani kabla hajakataa.

"Mama, mzito huo."

"Nimebeba uzito kuliko huu. Ulipata maharage yangu?"

Audax alicheka. "Nilikula maharage mengi, mama. Sikujua ni ya nani."

"Basi yalikuwa yangu," alisema shangazi, akatangulia na mkoba.

Presha haikumwacha kabisa. Aliimeza dawa, akapimwa, daktari akampunguzia vidonge lakini hakumwondolea, naye hakuwahi kujifanya daktari wa nafsi yake. Lakini alizeeka kwa miguu yake. Aliwazika watu waliomcheka, akawalea wajukuu, akalima mpaka nywele zake zikawa nyeupe zote. Mkono wake haukulala hata siku moja, wala hakuna aliyemlisha uji.

Jumapili moja, tayari ni bibi mwenye vitukuu, alikuwa akipanda kwenda kanisani wakati Padri alipomkuta njiani, akasimamisha gari.

"Mama Febronia, panda. Mlima huu ni mkali."

"Asante, Padri," alimjibu. "Wewe tangulia ukafungue kanisa. Sisi tunakuja."

Pancras, aliyekuwa hatua chache nyuma, alilitazama lile gari kwa hamu. Kisha akakaza mshipi wa suruali, akamfuata mkewe.